Memori kadi, YouTube au programu ya muziki: chagua kwa kuangalia unasikilizia wapi

Kwa miaka minne nilikaa nyuma ya kompyuta yenye feni inayokoroma, hatua chache kutoka stendi ya Masasi, nikiwaingizia watu nyimbo. Folda zangu zilijipanga kwenye kioo: BONGO MPYA, SINGELI, TAARABU, ZILIPENDWA, KASWIDA, na moja niliyoipa jina MIX ZA SAFARI kwa ajili ya madereva. Mteja analeta memori kadi, mara nyingi imefungwa kwenye pindo la kanga au imeviringishwa kwenye karatasi ya vidonge isije ikapotea, anasema "nijazie", nami najaza. Elfu moja kadi nzima, mia kwa wimbo mmoja wa kuchagua. Msanii sikuwahi kumpelekea hata senti, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari za msanii.

Siku hizi kibanda kile kinauza kava za simu na kufanya uwakala wa pesa. Hakuna askari aliyekuja kukifunga. Wateja waliacha tu kuja, mmoja mmoja, wakianza vijana. Mimi nimehamia Mtwara mjini, na watu wanaonijua kwa kazi ile bado wananiuliza: "Niweke programu gani ya muziki?" Huwa nawarudishia swali. Unasikilizia wapi? Sikioni, kwenye sabufa ya sebuleni, kwenye redio ya shambani, au juu ya pikipiki? Bei ya wimbo ni jambo dogo. Kinachoamua ni mahali sauti inapotokea, na bando la nani linaliwa.

Wenzetu waliachaje kuiba

Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alianzisha Napster, watu wakawa wanachukuliana nyimbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kulipa mtu. Makampuni ya muziki yalikwenda mahakamani, na mwaka 2001 Napster ikazimwa. Haikusaidia. LimeWire iliendelea na biashara ileile mpaka mahakama ilipoifunga Oktoba 2010, na pembeni yake zilikuwepo nyingine nyingi. Ilikuwa kama magugu kwenye shamba la mikorosho mvua zikianza: unang'oa hapa, yanaota pale. Mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yakaporomoka kwa takriban miaka 15, mpaka yakagusa chini mwaka 2014.

Aliyewatoa watu kwenye wizi hakuwa hakimu. Spotify ya Sweden ilifunguliwa kwa watumiaji mwaka 2008, ikawapa watu kitu ambacho nyimbo za wizi hazikuwa nacho: unaandika jina, wimbo unaimba. Hakuna kusubiri, hakuna faili lililoandikwa jina la msanii mmoja kumbe anaimba mwingine. Kule Uingereza, utafiti wa YouGov wa mwaka 2018 ulikuta mtu 1 katika 10 akipakua muziki kinyume cha sheria, wakati miaka mitano nyuma walikuwa asilimia 18. Wengi wa walioacha walikuwa wamehamia kwenye kusikiliza moja kwa moja mtandaoni, ndiyo vijana wanaita kustrimu. Kufikia mwaka 2024, kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kimataifa la makampuni ya muziki, asilimia 69 ya mapato yote ya muziki uliorekodiwa ilitoka huko, na waliolipia usajili walikuwa milioni 752.

Nakubali kwamba uvivu ulifanya kazi ambayo sheria ilishindwa. Lakini wale Waingereza walihama wakiwa na intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa MB. Sisi tunahesabu. Ndiyo maana mtu akiniambia "wizi wa nyimbo umekwisha, kila mtu anastrimu", namuuliza mara ya mwisho alifika lini Kitangari au Liwale.

Kadi ya elfu moja mbele ya bando

Tuanze na kibanda, maana ndicho ninachokijua, na bado kipo kwenye vituo vingi vya magari vya mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi.

Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kawaida una MB 4 hivi. Kadi ya GB 4 inabeba nyimbo zinazokaribia 1,000. Ukilipa elfu moja, umepata kila wimbo kwa shilingi moja, na ukishatoka kibandani huli tena bando hata la shilingi kumi. Kadi inaingia kwenye kiswaswadu, kwenye redio ndogo ya betri, kwenye sabufa na kwenye redio ya gari. Umeme ukikatika inaimba. Ukiwa shambani unapuliza salfa, mnara ukiwa umelala, inaimba. Hakuna programu ya simu iliyowahi kushinda kadi kwenye jambo hilo, na wanaoitangaza hiyo mitandao wangekuwa wanalima korosho wangelijua.

Ubaya wake nao naujua kwa ndani. Nyimbo zangu nyingi nilizitoa kwenye tovuti za bure, nyingine nilizikamua kutoka video za YouTube, sauti ikawa bapa kama imepigwa pasi. Katikati ya wimbo, pale penye kibwagizo kitamu, DJ anaingia kutaja jina la tovuti yake. Majina ya faili yalikuwa vurugu. Kuna mzee alirudi na kadi yake baada ya wiki akaniambia, "Mjukuu wangu, nilikuomba Sikinde, umenipa watoto wanalia." Nilifungua, kweli: aliyetaka bendi ya zamani ya dansi nilimpa folda nzima ya singeli.

Halafu virusi. Siku moja kompyuta yangu ilipata kile kirusi kinachogeuza kila folda kuwa njia ya mkato. Nilikiambukiza kwenye kadi za wateja kabla sijagundua. Mama mmoja kutoka Mangaka alikuwa na picha za harusi ya bintiye kwenye kadi ileile aliyoleta kujaziwa taarabu. Picha zikatoweka. Kwa bahati kirusi cha aina ile hakifuti, kinaficha tu, nikazirudisha baada ya siku mbili za jasho. Yule mama alinilipa elfu yake, lakini hakurudi tena, na simlaumu. Kama utaendelea na kibanda, peleka kadi tupu. Picha zako ziache kwenye simu.

Na upande wa sheria sitauzungushia maneno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa kazi hiyo, na anayeuza nyimbo za watu bila ruhusa yao, kama nilivyokuwa nikiuza mimi, anavunja sheria. Mteja anaweza kujisikia yuko salama. Mwenye kibanda asijidanganye.

Tovuti za kupakua bure nazipitia haraka. Ni kibanda kilekile, isipokuwa fundi ni wewe mwenyewe, na badala ya elfu moja unalipa kwa bando na kwa matangazo yanayokuruka usoni, mengine yakikutaka usakinishe vitu usivyovijua. Jambo moja tu la haki kulisema: hapa kwetu mstari kati ya wizi na ruhusa ulikuwa umefifia, kwa sababu wasanii wengi wachanga walikuwa wanapeleka wenyewe wimbo kwa wenye tovuti, wakiomba uwekwe bure ili wasikike. Ukiupakua wimbo wa namna hiyo, umeiba au umetumwa?

YouTube

Ukiniuliza watu wa Mtwara walihamia wapi walipoacha kibanda changu, wengi hawakwenda Spotify. Walikwenda YouTube. Ipo kwenye simu tayari, haidai usajili, wimbo mpya unatoka hapo kwanza na video yake, na msanii anapata chochote kutokana na matangazo. Kwa kuonja wimbo mpya, hakuna kinachoizidi.

Kwa kusikiliza kutwa nzima, ni mla bando namba moja. Saa moja ya video ya kiwango cha 360 inakwenda na MB 300 hivi, na wewe huitazami, simu iko mfukoni. Tena kwa asiyelipia, ukizima kioo wimbo unanyamaza, kwa hiyo betri nayo inaliwa. Nawaona vijana wa bodaboda pale Chikongola, simu imefungwa kwenye usukani, video inacheza, jua linawaka, hakuna anayetazama. Kwa bando la saa hiyo moja, programu ya sauti tupu ingewaimbia zaidi ya saa tano.

Wengine wanakwepa kwa kukamua sauti kutoka kwenye video. Huo ndio wizi uliobaki na nguvu. Tovuti kubwa kuliko zote za kazi hiyo, youtube-mp3, ilifungwa mwaka 2017 baada ya kushtakiwa na makampuni ya muziki, lakini ndugu zake wapo. Uchunguzi wa IFPI wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 29 ya waliohojiwa katika nchi mbalimbali bado wanapata muziki kwa njia zisizo halali. Wamepungua, maana mwaka 2018 walikuwa asilimia 38, ila hawajaisha.

Boomplay, Spotify, Audiomack

Msimu wa minada ya korosho ukifika, kuanzia Oktoba, simu mpya zinapanda vijijini, na nyingi ni Tecno, Infinix na itel. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya China, na Boomplay ilizaliwa ndani ya nyumba hiyohiyo, Nigeria, mwaka 2015. Basi mkulima wa Tandahimba anafungua boksi anakuta Boomplay imeshakaa ndani, hajaambiwa na mtu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya umaarufu wake huku, wala si ubora. Kwa muziki wa Tanzania imejaa vizuri, na ya bure inatosha kwa anayevumilia matangazo.

Spotify iliingia Tanzania Februari 2021, pamoja na nchi nyingine nyingi kwa mkupuo. Kwangu mimi ndiyo yenye ufundi zaidi wa kubana bando, na hapa naomba utulie kidogo. Kwenye mipangilio yake kuna viwango vya sauti. Cha chini kabisa kinakula MB 11 hivi kwa saa, cha kawaida MB 43, cha juu sana, ambacho ni cha wanaolipia, MB 144. Dereva anayesikiliza saa tatu kwa siku kwa kiwango cha chini atamaliza kama GB 1 kwa mwezi. Akiacha kwenye hicho cha juu sana, ni GB 13. Wimbo ni uleule, na kwa spika ya simu kwenye upepo wa pikipiki tofauti huisikii. Watu wengi wanaolalamika kwamba kustrimu kunafilisi hawajawahi kufungua ukurasa huo wa mipangilio.

Ukilipia, unaweza kuhifadhi nyimbo ndani ya programu, hadi 10,000 kwa kila simu, ukazisikiliza bila bando. Masharti mawili lazima uyajue kabla. Kwanza, uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafungwa. Pili, nyimbo hizo hazitoki nje ya programu. Huwezi kuzichomeka kwenye sabufa kwa flashi, huwezi kumrushia shangazi kwa Xender. Boomplay nayo ni hivyohivyo kwa nyimbo ulizohifadhi kwa usajili. Nimegombana na mjomba wangu juu ya jambo hili. Alilipia mwezi, akahifadhi nyimbo mia mbili, akaja na flashi mkononi: "Haya, nitolee." Nikamwambia hazitoki. Akaniangalia kama nimemla pesa yake. "Sasa nimenunua nini?" Sikuwa na jibu zuri. Alikuwa amekodi, na neno hilo halikuandikwa popote alipobonyeza.

Audiomack ni ya Marekani, na wengi huku hawaijui. Inaruhusu kuhifadhi baadhi ya nyimbo bila kulipa, na wasanii wanaochipukia wanaipenda kwa sababu kupandisha wimbo hakuna mlolongo. Ijaribu kabla hujalipia kokote.

Kuhusu malipo: angalia mapema kama programu inapokea pesa ya simu au inataka kadi ya benki. Na usichanganye programu hizi na zile huduma za nyimbo zinazojiandikisha zenyewe kwenye laini. Kuna moja ilikuwa ikinikata shilingi kadhaa kila asubuhi kwa miezi miwili, nami sikumbuki kubonyeza kitu. Hiyo si muziki, ni kupe.

Ile ya katikati

Kuna njia moja ambayo naiona imekaa sawa kwa watu wa huku, ajabu ni kwamba haitajwi sana: Mdundo. Ilianzia Nairobi, na mwaka 2020 hisa zake zikaingia kwenye soko la Copenhagen. Unapakua wimbo bure, kihalali, na faili ni la kawaida kabisa. Litaingia kwenye kadi, kwenye flashi, kwenye sabufa, kwenye redio ya mzee. Bei yake ni tangazo fupi linalosikika mwanzoni mwa wimbo, na pesa ya tangazo wanagawana na msanii.

Yaani ni kibanda changu, isipokuwa msanii anakula. Kasoro zake: hukuti kila msanii, nyimbo za nje ni chache, na sherehe ikipamba moto tangazo la sabuni likaruka kwenye spika kubwa, aibu ni yako. Usiitumie harusini.

Mei 2024

Kama unataka kujua ipi ni imara, kumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya kutoka Dar ikakatika pale Somanga, magari yakakwama. Hatujapumua, tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zikakatika huko Afrika Kusini, intaneti ikawa inajikokota nchi nzima. Hapa Shangani nilikuwa na usajili niliolipia na wimbo haufunguki. Jirani yangu mwenye genge la samaki aliendelea na redio yake ya kadi, asubuhi mpaka jioni, zilipendwa mfululizo. Alinicheka wazi. Tangu hapo usajili wangu nautumia kwa kuhifadhi kwanza nikiwa na mtandao mzuri, kusikiliza baadaye.

Na msanii je?

Wengine wanachagua kwa moyo: wanataka pesa imfikie mwimbaji. Ni nia njema, ila ijue njia yake. Kwa Harmonize, mtoto wa Mtwara aliyejiita Konde Boy na kulibeba jina la Wamakonde mpaka nje, mamilioni ya wasikilizaji yanajenga hesabu inayoonekana. Kwa kijana wa Nachingwea aliyerekodi studio ya chumba kimoja, tangu mwaka 2024 Spotify haihesabu malipo kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kijana huyo ukimpenda, nenda kwenye shoo yake Ruangwa ukamtunze.

Basi uchukue ipi

Bodaboda na dereva wa daladala: Spotify au Boomplay, kiwango cha chini cha sauti, na kama mfuko unaruhusu lipia mwezi uhifadhi. Video uache. Mwanafunzi wa chuo mwenye spika ya bluutuz: ya bure yoyote, na Audiomack pembeni. Mwenye sabufa sebuleni na mkulima mwenye redio ya kadi: Mdundo, bila kusitasita, hata kama itabidi umwombe mjukuu akupakulie. DJ wa harusi anunue nyimbo, kelele za tangazo na sauti bapa zitamharibia kazi. Anayekaa upande wa bonde la Ruvuma, ambako simu inaweza kukukaribisha Msumbiji ungali jikoni kwako, asilipie usajili wa mwezi mpaka ajaribu wiki nzima nyumbani kwake.

Kabla hujaitupa kadi yako ya zamani, lakini, ifungue kwanza. Mwezi uliopita yule mzee wa Sikinde alinifuata mpaka mjini na kadi yake, imechubuka maandishi yote. Anataka kuhamia kwenye simu aliyonunuliwa na mwanawe. Nilidhani nitamtafutia nyimbo zake zote kwenye programu tukamaliza. Sikinde na Msondo nilizipata nyingi. Halafu nikakuta folda yenye faili kumi na moja zisizo na jina, nikabonyeza moja: ngoma, sindimba, kijijini kwao, imerekodiwa kwa simu, jogoo anawika nyuma. Nyingine ni za unyago. Hizo nilizizima haraka, zina wenyewe.

"Hawa wako kwenye hiyo programu yako?" akaniuliza.

"Hawapo, babu."

Tulizinakili za sindimba kwenye flashi mbili. Moja alikwenda nayo. Nyingine iko kwenye droo yangu, nimeifunga kwa selotepu na kuiandika kwa kalamu ya wino: MZEE, USIFUTE.